Ufa Haupigi Mtu

Kaka yangu Masanja,

Shikamoo. Marahaba nitajipa mwenyewe, kwa sauti yako.

Nilipopata nafasi chuoni uliniuliza nitasomea nini. Nikasema kutengeneza programu za kompyuta. Ukacheka mpaka uji ukakupalia. "Kompyuta nayo inasomewa miaka mitatu? Si inawashwa tu?" Ulikufa kabla sijakujibu. Nakujibu leo.

Tuko watano, hapa Shinyanga mjini. Zamani wenye kazi hii waliandika mpango mnene, wakajifungia mwaka mzima, kisha wakamkabidhi mteja kitu asichokihitaji tena. Sisi tunafuata njia inayoitwa ajaili. Unajenga kipande kidogo, cha wiki mbili tu. Unampa atakayekitumia akishike, akigombeze, akivunje kama anaweza. Unarekebisha, ndipo unaendelea. Kila kazi ina kadi yake ukutani, chini ya maneno matatu: ya kufanya, inafanyika, imekwisha. Na kila asubuhi tunasimama, hakuna kukaa, kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamkwamisha.

Najua ungesema nini. "Hiyo mbona kazi ya shimoni?" Ungekuwa sahihi. Ulichimba urefu wa mkono mmoja, ukaweka matimba ya kuzuia ukuta, ukaugonga kwa kisogo cha nyundo, ukasikiliza. Ndipo ukachimba mkono mwingine. Na asubuhi, kabla ya kushuka, mlisimama mdomoni mwa shimo mkasemezana, mimi na mama tukiwapakulia uji na mihogo kando, likizo zote zile kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita.

Mwalimu alipotufundisha ajaili aliandika ubaoni: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilifunga daftari nikatoka nje.

Maana pale mdomoni kulikuwa na neno moja lisilotajwa. Msimamizi wenu aliamini kwamba anayetaja ufa asubuhi anafukuza dhahabu na kuita mkosi. Na wengi wenu mliamini. Wewe ukataja.

"Ukuta wa kushoto una ufa. Jana nimeingiza kidole."

"Kidole chako ndicho mkosi!" akasema mmoja.

"Masanja kaogopa, mpeni kanga ya mdogo wake ajifunge!" akadakia mwingine.

Walicheka. Na wewe ulicheka. Kisha ukasema tena, "Nacheka, lakini ufa upo."

Msimamizi alichukua koleo. Pigo la kwanza lilikupata begani, la pili mgongoni, la tatu mpini ukavunjika, akaendelea na kipande kilichobaki, kile chenye ncha. Wanaume kumi na mmoja walitazama. Damu yako iliruka mpaka kwenye sufuria ya uji. Mama alipiga yowe. Mimi nilishika upawa na sikusogea hata hatua moja.

Kesho yake nilikuosha mgongo kwa maji ya chumvi. Ulikuwa umeng'ata kitambaa. Nikakuambia, "Leo usiseme. Sema uko sawa, ushuke."

"Na ufa?"

"Ufa haupigi mtu."

Hayo ndiyo maneno yangu, kaka. Si ya msimamizi. Ulinitazama, ukatabasamu kidogo kama unavyomtazama mtoto aliyesema kitu cha akili. Ulipofika mdomoni ukaulizwa. Ukajibu, "Niko sawa." Ukashuka.

Ardhi ilinguruma mara moja tu, kama ng'ombe anayechinjwa. Vumbi likapanda kutoka shimoni. Watu walichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Waliposikia kimya kule chini walimgeukia msimamizi, wakampiga kwa kipande kilekile cha mpini. Mimi nilirusha jiwe. Lilimpata mdomoni, nikaona meno yakianguka, na nilifurahi. Furaha ile bado inanitisha. Siku ya tatu ukuta ulianza kusogea tena, wakaacha kuchimba. Hatukukuzika. Uko palepale.

Sasa nikueleze programu ninayoijenga. Ni ya simu, ya mashimo kama lenu. Anayeshuka anaandikwa, anayetoka anaandikwa, ili shimo likibomoka ijulikane ni nani wa kuchimbuliwa. Wiki iliyopita Kulwa, binti mgeni wa timu kutoka Mhunze, aligundua kosa. Mtandao ukikatika na simu ikizimwa na kuwashwa, programu inaandika kwamba wote waliokuwa chini wametoka. Alikuwa akijaribu kwa jina nililoliweka mimi tangu mwanzo, jina lako. Kwenye kioo ikasomeka: Masanja, ametoka.

Jana asubuhi, tulipokuwa tumesimama, alilitaja kosa hilo. Bosi wetu akageukia kadi. "Hii ilikuwa imekwisha. Nani kairudisha? Jumatatu tunakabidhi, wewe unaniletea mikosi?" Akarusha kikombe chake cha chai. Kilipasukia ukutani, kigae kikamchana Kulwa kwenye paji la uso.

Nilimfuta damu kwenye korido. "Dada, kesho nisemeje?"

"Sema uko sawa," nikamwambia. "Kosa lenyewe haliwezi kuku..."

Nikayasikia maneno yangu. Kaka, yalikuwa yaleyale niliyokuambia wewe!

Leo nimeanza mimi. "Jana nilimfundisha Kulwa uongo. Leo narudisha kadi. Kinachonikwamisha ni wewe, Bosi." Alinisukuma, kisogo kikagonga ukuta, kadi zikamwagika. Niliinama nikaitafuta ile moja, nikaibandika chini ya 'ya kufanya'. Mdomoni nilikuwa na ladha ya chuma. Nilitamani kumrushia kiti. Badala yake nikampa simu. "Shika. Andika jina la mwanao, kwamba ameshuka."

Aliandika. Nikakata mtandao, nikazima simu, nikawasha, nikamrudishia.

Kwenye kioo jina la mwanawe lilisomeka: ametoka. Aliiweka simu mezani taratibu, akatoka. Kadi hakuigusa.

Tulilifanyia kazi kosa lile mchana kutwa, mimi na Kulwa, kipande kidogo, tunajaribu, kipande kingine, tunajaribu. Saa kumi jioni tukarudia na jina lako. Tulikushusha. Tukakata mtandao. Tukazima, tukawasha.

Masanja, hajatoka.

Kulwa alipiga makofi. Aliuliza kama afute jina hilo la majaribio, maana kazi imekamilika. Nikamwambia aliache.

Nimekutafuta kwa maneno haya kwa kuwa mikono haikufika. Kisogo kinauma, na asubuhi nitasimama tena, nitasema.

Ni mimi, mdogo wako niliyekuambia unyamaze.