Nyundo ya Kwanza Katika Duka la Baba

Gothenburg, Uswidi
Jumapili, 9 Februari 2025, mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke Bukoba

Mdogo wangu Kaijage,

Waitu, mmeamkaje hapo nyumbani? Mguu wako umepona? Na shangazi wa Kagoma bado anakataa kutembelea fimbo? Huku theluji imefika kwenye madirisha, nami sitoki ila kwenda hospitali.

Mkeo alinipigia simu Jumanne akicheka, lakini hasira niliisikia. "Shemeji, mvua inaingia mpaka kwenye sukari. Unataka tuuze uji?" Akanieleza maneno ya fundi: tangu tetemeko la ardhi, ukuta wa mbele wa duka umeachana na kuta za pembeni, na sasa umeinamia barabara. Wapita njia wanalikwepa baraza letu. Nawe huwezi kuugusa, maana wazee wa ukoo wameshikilia desturi: nyumba ya baba haibomolewi mpaka omusika, yaani mrithi wake, apige nyundo ya kwanza kwa mkono wake. Na omusika ni mimi.

Ukuta huo naujua kuliko uso wangu. Nguzo nne za duara, ua la saruji juu ya kila nguzo, na kule juu kabisa tausi wawili wa plasta, kazi ya Mhindi aliyetuuzia nyumba. Unakumbuka baba alivyowapaka rangi? Hakuwahi kuona tausi. Akawapa vilemba vyekundu na mikia myeusi, wakawa majogoo, na wateja wa Kashozi wakaliita duka letu Kwa Jogoo. Mama hakumwacha: "Kuku wa kwenye sahani mnatukataza wanawake. Na hawa wa ukutani je?" Baba akajibu, "Panda ule."

Nilitaka kuja kuipiga nyundo hiyo mwenyewe, polepole, niwazunguke ndege wale. Lakini unaijua mashine inayosafisha damu yangu. Kila baada ya siku moja nafungwa nayo mkononi, asubuhi mpaka mchana. Nilimwomba daktari, binti wa rika la wajukuu zangu, anipe ruhusa ya majuma mawili tu. Akaniuliza, "Mzee, na moyo wako utafika?" Moyo nao umechoka. Amenikataza kabisa safari ya ndege.

Hivyo sote tumefungwa: mimi kwenye mipira ya mashine, ninyi kwenye kungoja kwangu. Kuna siku nilifurahi kwamba desturi inaulinda ukuta ule, kwamba nisipokuja hakuna atakayeugusa. Lakini ukimwangukia mtoto wa watu, wazee watamwambia mama yake nini?

Basi waite, uwasomee hapa kwa sauti. Simu wangeibishia, mwandiko wangu wanaujua. *Mimi, mwana mkubwa wa marehemu, namwachia Kaijage nafasi ya omusika. Nyundo aipige yeye.* Tausi wakitoka wazima, vizuri. Wakivunjika, usimtafute wa kumlaumu. Jenga ukuta ulionyooka.

Nisalimie mkeo, ambaye ndiye mwenye duka hasa. Na shangazi, mwambie fimbo si aibu. Na mjomba wa Bilele, aliyetufundisha kujua kahawa kavu kwa kuing'ata.

Mkichora ramani ya nyumba mpya, msinitengee chumba. Sirudi tena Bukoba.

Kaka yako,
Rwegasira