Kadi Safi

4 Februari 1957

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko, na mgongo umeacha kukusumbua? Sisi tupo. Mtoto ana miezi minne sasa, tunamwita Kifungo kwa jinsi kichwa chake kilivyo kidogo na mviringo. Mama mkwe kazi yake ni kumbeba tu, hata kula anakula naye mgongoni.

Nasikia gari lenu la picha za kifua litakuja kiwandani kwetu Jumatano, na wewe ndiye mwandishi wa namba za picha. Nakohoa tangu mwezi wa kumi. Juzi niliona damu kwenye leso, kidogo, kama uzi. Waliokutwa na doa mwaka juzi walikaa hospitali ya kifua mwaka na nusu. Waliporudi, cherehani zao zilikuwa na watu wengine. Na huyu mtoto atanyonya kwa nani? Fanya unavyojua. Sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako

15 Februari

Shikamoo dada,

Mgongo haujambo. Nimefanya. Doa lako liko upande wa kulia, juu, kubwa kama kifuniko cha soda. Picha nimeichoma. Mahali pake nimeweka ya dereva wetu. Nilimwambia najaribu mashine, akavua shati huku anacheka. Kadi yako itakuja na muhuri wa SAFI.

Lakini tuelewane. Mtoto asilale kitandani kwako. Na kabla mwezi haujaisha uje huku uanze sindano kimyakimya, nimeshaongea na muuguzi mmoja. Usiponisikia katika hili, nitakuwa nimefanya ubaya, si wema.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima? Kadi niliipata, nimeibandika ukutani. Msimamizi alituongezea kola za kushona, sikupata ruhusa ya kuja. Kusema kweli nimenenepa, na kikohozi ni cha alfajiri tu. Kifungo nilimlaza pembeni siku mbili, akalia mpaka jirani akagonga ukuta. Nimemrudisha. Usinigombeze, nitakuja.

Dada yako

21 Juni

Shikamoo dada,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Muuguzi amechoka kuniuliza. Mko salama?

Mdogo wako

3 Agosti

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Kifungo tumemzika Jumamosi iliyopita.

Alianza kwa kulala sana. Kisha shingo ikakakamaa, macho yakawa hayanifuati. Daktari akamtoa maji ya uti wa mgongo, akarudi akasema ni kifua kikuu, kimepanda kichwani. Akauliza, "Nani nyumbani anakohoa?"

Nikampa kadi yangu. Aliisoma pande zote mbili, akasema, "Wewe huna neno." Akamgeukia mama mkwe. Yule mama hukohoa asubuhi, unajua, tumbaku. Wakampiga picha, wakaona kovu la ujanani. Likawatosha. Akapandishwa gari la hospitali ya kifua siku hiyohiyo, hata kanga ya kubadilisha hakuchukua. Mume wangu alimtazama akipanda, hakumuaga.

Ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha nikafikiria mume wangu akinitazama mimi vile.

Dada yako

14 Agosti

Dada,

Pole.

Fomu ya mama mkwe wako ilipita mezani kwangu. Mahali pa "chanzo cha maambukizi ya mtoto" pameandikwa "bibi", na mimi ndiye niliyeinakili kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri. Wamemlaza kati ya wagonjwa wa kweli, wanaotapika damu. Nilikwenda kumwona. Hali chakula. Aliniuliza kama unalala, akanisihi nisikwambie kwamba yeye analia.

Jumatatu ya tarehe 26 nitamweleza daktari mkuu yote. Nitafukuzwa, labda nitafungwa. Wewe utatibiwa na yeye atarudi nyumbani. Nimekupa siku hizi umwambie mumeo mwenyewe.

Mdogo wako

25 Agosti

Mdogo wangu,

Sikumwambia.

Jana nilikwenda hospitalini, nikidhani nitaanza na mama mkwe, maana yeye ni mpole. Nilimkuta amegeuzwa ukutani, mwepesi kama mto wa pamba. Alinijua kwa sauti. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, nilimbeba sana. Kila nilipombeba nilikuwa namuua. Nisamehe nife."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Muuguzi akaninong'oneza, "Mwambie, mama, hana muda."

Nikamwambia nimemsamehe. Alinishukuru. Alinishukuru mara mbili, mdogo wangu. Amefariki leo kabla ya saa sita.

Barua hii naituma kwa mkono ikufikie usiku huu. Kesho mweleze daktari wako ukitaka. Mume wangu yuko uani na wanaume, anawaambia mimi ni mwanamke mwenye moyo mkubwa.

Dada yako