Mkebe Unaouonea Aibu

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Musanda tu wazima. Mamako anapalilia miwa. Lakini nimekasirika. Kumbe unashinda njaa chuoni kwa sababu wenzako wanakucheka ukifungua mkebe wako wa mahindi na maharagwe?

Hata mimi nilichekwa. Siku moja nikamwaga chakula changu nyuma ya darasa. Nilipogeuka, nikamkuta mama yangu amesimama, ametembea kutoka nyumbani kuniletea njugu.

"Umeshiba, mama?" akaniuliza.

"Nimeshiba," nikamdanganya.

Akainama, akaokota punje moja moja, akala. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Hasira ya siku ile bado ninayo, na si kwa wale waliocheka.

Pika, tia na mboga, ubebe. Anayecheka, mpe kijiko.

Ni mimi nyanya yako, kukhu wako.