Jiko Nililomwekea Baba Chumbani

Mama Eufrasia, shikamoo. Ukiona herufi zimepinda nisamehe, naandika kwa kujificha, kwa sababu jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu Davis hajui, na naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi ya nilivyoharibu.

Nina miaka arobaini na mbili, ni mama lishe hapa machimboni karibu na Masumbwe, na mume wangu anafanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe. Mwezi wa pili mama yetu alifariki kwetu Songwa, baba akabaki peke yake na umri wake wa miaka sabini na tisa, nikamwambia kaka yangu Bujiku kwamba namchukua, kaka akakataa, akasema mzee hataweza maisha ya machimbo, lakini mimi nikang'ang'ania, nikasema kwangu hatapata shida yoyote. Nikamleta, tukampa chumba cha pembeni, kuta za mabati, sakafu ya saruji, godoro jembamba chini. Ulipoingia mwezi wa sita na ule upepo wake, kila asubuhi alikuwa ananiambia, "Mbeho, mwanangu, mbeho," yaani baridi, na mimi nakimbilia chai ya wateja namjibu, "Jifunike baba, jua linakuja," nikaenda hivyo wiki tatu nzima.

Jumamosi moja jioni nikamkuta amejikunja, vidole vimekakamaa, hata kikombe cha uji alicholetewa na jirani yetu Ghati, mama mjane kutoka Tarime, hawezi kukishika vizuri, roho ikaniuma, nikachukua jiko langu la mkaa lililokolea vizuri nikamwekea karibu na godoro, dirisha nikaziba kwa gunia, chini ya mlango nikasokomeza khanga upepo usipite. Baba akanishika mkono akasema, "Leo umeniona." Nikaenda kulala nikiwa na furaha.

Asubuhi nikaita, kimya. Nikaingia, kichwa changu mwenyewe kikazunguka, baba amejitapikia, nikimtikisa anakoroma tu, na hapo ndipo nilipofanya kitu kinachonitesa, kwa sababu badala ya kumtoa baba nilitoa jiko kwanza, nikalificha nyuma ya choo, nikarudi nikang'oa gunia na khanga, halafu ndiyo nikapiga yowe. Ghati ndiye aliyekuja wa kwanza. Alimbeba baba mgongoni mpaka uwanjani kwenye hewa, akamfuta uso, akatafuta usafiri. Hospitali daktari akaniuliza, "Mlikuwa na jiko la mkaa ndani?" Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikasema hapana daktari, labda presha.

Baba aliamka, tukaruhusiwa kurudi nyumbani, lakini hayuko sawa, anasahau, ananiita Mariana, jina la marehemu mama. Kaka Bujiku alipokuja akauliza mzee alikula nini mwisho, majirani wakamwambia uji wa Ghati. Akaenda kwa mganga, akarudi anasema mwanamke huyo alimwekea mzee kitu, na mwenye nyumba kwa kuogopa fujo amemwambia Ghati ahame ifikapo Jumapili. Juzi Ghati alikuja mlangoni kwangu akasema, "Mama Nelly, wewe unanijua. Waambie." Nikaangalia chini. Mama, nikisema kweli ndugu zangu watasema nilitaka kumuua baba, na nikinyamaza Ghati anaondoka kwa kosa langu. Nifanye nini?

Mama Nelly, Mbogwe
(Majina yote yamebadilishwa.)

MAMA EUFRASIA ANAJIBU:

Marahaba, Mama Nelly. Barua yako niliipata Jumanne, na kwa kuwa uliweka namba ya simu sikungoja gazeti. Wasomaji wajue nilikupigia saa ile ile, na swali langu la kwanza lilikuwa, "Jiko liko wapi?" Ukasema liko nje. Nikauliza mzee yuko wapi, ukasema anaota jua. Ndipo nilipoweza kukaa.

Pole. Ulimpenda baba yako ukataka apate joto, hilo silipingi hata kidogo. Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na sita, nimepokea wengi waliolala na jiko, na karibu kwa wote liliwekwa na mtu aliyewapenda. Mkaa ukishakolea hautoi moshi wa kukushtua. Unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kikizibwa mtu analala nayo bila kujua. Hukujua hilo. Lakini jiko ulilificha ukijua, na daktari ulimdanganya mara mbili ukijua. Alikuuliza ili amtibu baba yako, hakuwa polisi. Huko kusahau kwake kunaweza kuwa kumetokana na ile sumu, na daktari hawezi kufuatilia kitu ulichomficha.

Na Ghati? Unaishi Usukuma, unajua maneno kama hayo ya uchawi yamewahi kuwafikisha wapi wajane. Nilikwambia kwenye simu na narudia hapa: usimwambie kaka pembeni, usitume ujumbe. Waite kaka, mume wako, mwenye nyumba na Ghati mwenyewe, useme mbele yao wote, kwa mdomo wako.

Alhamisi ulisema. Ulinipigia Ijumaa ukilia, na umeniruhusu niandike. Davis alitoka nje akakaa huko muda mrefu. Kaka yako alikuuliza, "Yaani ulitaka nimfukuze mtu aliyembeba baba?" kisha akamgeukia Ghati akamwomba radhi. Mwenye nyumba akasema chumba bado ni chake. Ghati, aliyekuwa ameshafunga mizigo miwili, alikwambia neno moja tu, "Nimekusikia," akaingia ndani kwake. Unaniuliza amekusamehe au la. Sijui, na wewe usimuulize. Una kazi nyingine.

Jumatatu mrudishe mzee hospitali, kaka yako awepo, umweleze daktari kila kitu: jiko, gunia, khanga, alilala saa ngapi, ulimkuta saa ngapi. Usiseme siku zimepita.

Jiko la mkaa lisiingie tena chumba cha kulala, hata kwa dakika kumi, hata mlango ukiwa wazi. Mzee asilale kwenye saruji. Davis apigilie mbao, amtengenezee kitanda, na kati ya mbao na godoro mtandike maboksi na mkeka. Ziba matundu ya mabati yanayomwelekea ubavuni, ila dirisha liache na nafasi ya hewa. Blanketi mbili nyepesi zina joto kuliko moja nzito. Soksi, sweta, kofia ya sufu kichwani hata akilala, kwa sababu mwili wa mzee hautengenezi joto kama wako. Maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, uiweke miguuni. Ale kitu cha moto kabla ya kulala na mara akiamka. Asubuhi asitoke kwenye upepo mpaka jua lipande, halafu umkalishe upande uliokingwa, atembee kidogo. Ukiona ameacha kutetemeka huku mwili bado ni wa baridi, au maneno yanamchanganyika, au usingizi umezidi, mpeleke hospitali, usisubiri.

La mwisho. Baba yako alikulalamikia wiki tatu, nawe ulimjibu ukiwa unatembea. Kuanzia kesho, kabla hujawasha moto wa biashara, ingia chumbani kwake, mwamkie, mshike mikono na miguu ujue ina joto kiasi gani, umuulize amelalaje. Kisha kaa mpaka ajibu. Wateja wa chai watangoja.