Nimelowea Kamina, na Sababu Ni Joto

Kamina, Jumanne, 2 Oktoba 1951

Jua la leo ni kali hata mabati ya kambi ya reli yanalia yenyewe. Mvua inajikusanya upande wa Kabongo tangu juzi, lakini haishuki. Mbwa wa jirani amechimba shimo chini ya tangi la maji akajilaza humo. Nimekaa barazani na fulana tu, jasho linadondokea karatasi, na ninakiri kwenye daftari hili: nalipenda.

Nalipenda joto hili, na leo nimelitaja ofisini mbele ya watu.

Dada yangu Rahabu yumo ndani, anafunga mizigo yake. Alifika wiki mbili zilizopita kutoka kwetu Ukinga, Tanganyika, kwa lori, kwa basi, kisha kwa reli mpaka hapa. Amekuja kunichukua. Mke wangu Sabina alifariki mwezi wa pili. Barua yangu ilichelewa sana, na ilipofika ukoo ulikaa ukamtuma dada, kwa sababu tangu utoto sijawahi kumkatalia jambo.

Alikuja kwa wakati wake. Mkataba wangu wa reli unaisha mwezi huu. Sisi tuliotoka mbali, mkataba ukiisha tunapewa tikiti ya kurudi kwetu. Ukiikataa, haitolewi tena, na unaandikishwa upya kama mtu wa hapa. Tena, aliyefiwa hawezi kuendelea kukaa katika nyumba ya wenye wake. Basi leo ilikuwa lazima nichague: treni ya Alhamisi pamoja na dada, au kubaki bila tikiti na bila nyumba.

Hoja za dada si mbaya, na hilo ndilo linalouma. Shamba la baba la bondeni, lile lenye maji hata kiangazi, linaningoja. Nisiporudi mwaka huu watoto wa kaka wataligawana. Hapa sina mtoto. Ninafanya kazi ya kugeuza reli ili kila treni ishike njia yake, na umri unakwenda. Nikiugua, nani ataniletea uji?

Neno lake kubwa lakini ni moja. Kwetu, mtu akienda mbali asirudi, husemwa amelowea. Hutamkwa kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa.

"Umelowea, Yohana," aliniambia siku ya kwanza, kabla hata ya kuvua viatu. "Umelowea kama nguo iliyosahauliwa mtoni."

Nilimwekea maji ya kuoga.

Jumamosi nilimpeleka duka la Mgiriki kutafuta kitambaa. Dada haogopi mtu. Alimtazama yule mzee akipima kitambaa, akamuuliza anatafuta nini huku, mbali na mama yake.

Mgiriki alicheka mpaka mkasi ukamtoka mkononi. "Mama yangu iko ku kisiwa," akasema. "Kule iko mawe na mbuzi. Minyi nilikuwa nakula nyama mara moja ku mwaka, siku ya Paska. Hapa iko jua, iko kuku kila siku ya Mungu. Nirudie? Minyi iko mujinga?"

Dada naye alicheka, akajifuta machozi, akamwambia ana akili. Tulipotoka nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mgiriki kwamba amelowea.

"Yule Mzungu."

"Na mimi?"

"Wewe ni wetu."

Siku tatu nimelitafuna jibu hilo. Ni la upendo, najua. Lakini Wazungu wenye mashamba ya ng'ombe nje ya mji husema bila haya kwamba kwao kuna baridi, makaa ya mawe ni ghali na nyumba ni finyu, ndiyo maana wamejenga hapa. Watu huitikia kwa kichwa. Mkinga akisema maneno yale yale, kwamba kwao sakitu, ule umande ulioganda, inaunguza viazi na hapa kapu la mihogo ni rahisi, huulizwa kama amemsahau mama yake.

Sijamsahau mama yangu.

Sasa niandike nilichokificha miaka kumi na moja.

Nyumbani wanaamini nilikimbilia pesa. Niliacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba Sabina alikuwa na kifua. Kila ukungu ulipopanda kutoka bondeni alikohoa hadi akashika ukuta. Muuguzi wa misheni aliniita kando akasema kwa baridi ile hatafikisha mvua mbili, na kama ninaweza nimpeleke mahali penye joto. Sabina aliniomba nisimwambie mtu. Tulikuwa na miaka minne bila mtoto. Wangesikia na kifua pia, wangemrudisha kwa baba yake na kunitafutia mwingine. Nani angewazuia? Mimi, ambaye sikuwahi kumkatalia dada?

Basi niliposikia reli ya Kongo inatafuta watu na inaruhusu wake, nilijiandikisha. Daktari wa kutupima alitazama macho na meno, akauliza kama tumewahi kuugua. Nilisema hapana. Sabina alitikisa kichwa tu, kwa sababu alikuwa amekibana kikohozi kooni na kama angefungua mdomo kingetoka. Tulipotoka alikwenda nyuma ya lori akakohoa mpaka akakaa chini. Kisha akanitazama akacheka, macho yamejaa maji. Nilidanganya, na sijutii hata leo.

Wiki ya kwanza hapa Kamina alivua sweta lake, akalitundika kwenye msumari. "Basi," akasema, "nimeuvua Ukinga." Chakula hatukukijua. Alipika samaki wakavu wa Kinkondja bila kuwaloweka, tukatafuna mchanga na chumvi tukisifiana kwa adabu. Jirani yetu Mama Ngoyi, Mluba, alichungulia chunguni akapiga kelele hadi wanawake wa mstari mzima wa nyumba wakaja kuangalia. Tangu siku hiyo alimfundisha Sabina kuloweka samaki, kusonga bukari, ugali wa hapa, na kutwanga sombe, majani ya mihogo. Jioni Sabina alikuwa na desturi ya kuegemeza mgongo kwenye ukuta wa upande wa machweo, matofali yakiwa bado ya moto, na kufumba macho.

Mwaka wa pili, asubuhi moja, niliamka kwa hofu kwa sababu sikusikia kikohozi. Nikakimbia nje. Alikuwa anapepeta unga na kumsema kuku.

Aliona mvua kumi na moja. Homa ndiyo iliyomchukua, siku nne tu; kifua hakikumpa shida hadi mwisho. Dada husema joto hili limemuua mke wangu. Mimi husema moyoni baridi ingemuua mapema, na hii miaka kumi na moja hakuna aliyenipa ila mahali hapa.

Leo asubuhi tulikwenda ofisini wote wawili. Dada alivaa nguo yake ya kanisani. Karani ni kijana wa hapa, mcheshi, kalamu nyuma ya sikio.

"Alors, papa," akasema, "unarudia kwenu ao unabakia?"

Dada akajibu kabla yangu: "Anarudi."

"Nabaki," nikasema.

Karani alimtazama dada, akanitazama mimi. "Tikiti ukikatala leo, haitarudia tena. Unasikia muzuri?"

"Nimesikia."

"Bon. Hapa kuko fasi ya kuandika sababu. Ntaandika travail. Bote banaandikaka ile."

Travail ni kazi kwa Kifaransa, na wote huandika hivyo. Nilitaka kunyamaza kama kawaida yangu. Lakini nilifikiri: miaka kumi na moja iliyopita niliulizwa sababu nikasema kazi, na ilikuwa uongo. Sasa Sabina hayupo tena wa kufichiwa.

"Usiandike kazi," nikasema. "Andika joto."

"Joto?"

"Joto. Andika pia chakula ni rahisi. Nilileta hapa mke mwenye kifua, akaishi. Hiyo ndiyo sababu iliyonileta, na kwa kuwa ilikuwa sababu nzuri, nabaki."

Watu waliokuwa wakingoja nyuma walicheka. Mmoja akasema, "Papa huyu jua imemuingia mu kichwa." Karani naye alicheka, akaandika neno moja, halafu akanipa kalamu. Nadhani aliandika kazi. Sijui Kifaransa cha kutosha kugombana naye. Niliweka sahihi yangu. Hapa kwenye daftari hakuna karani, na nimeshaandika ilivyo.

Dada hakucheka. Alitoka nje akasimama juani bila kujifunika kichwa. Tulipovuka reli ndipo akaniuliza.

"Wifi alikuwa na kifua?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujaondoka."

"Ungeniambia, Yohana. Mimi ningekupa asali. Ningekupa blanketi langu."

"Ungemwambia mama."

Alitembea hatua kadhaa. "Ningemwambia mama," akakubali. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikamshika mkono barabarani kama tulivyokuwa tukivuka mto zamani.

Mama Ngoyi alitukuta langoni, rozari shingoni na unga mikononi hadi viwiko. Alikuwa amekwisha kusikia; kambini habari hutembea haraka kuliko treni. Kaka zake wana shamba ng'ambo ya reli, na mwezi uliopita walinionyesha kipande cha kujenga. Nilikuwa sijamwambia dada.

Dada alimuuliza, kwa adabu lakini kwa ukali, kwa nini wanamshikilia ndugu yake.

"Mama, shiye hatumushike," Mama Ngoyi akasema. "Njia iko wazi, treni iko. Lakini bibi yake iko mu udongo yetu. Akienda, nani atapaliaka kaburi? Minyi? Minyi iko na mashamba mbili na bwana muvivu!"

Mume wake akajibu kutoka ndani kwamba amesikia.

Dada alijaribu kutocheka, akashindwa. Kisha akaomba aonyeshwe kaburi. Katika wiki mbili zote alikuwa amekataa kwenda, eti hawezi kusalimia mtu aliyepotea njiani. Walikwenda wao wawili, wanawake. Sikuwafuata. Walikaa muda mrefu, na waliporudi dada alikuwa na udongo magotini.

Bado hajakubali. Sasa hivi namsikia akikaza kamba ya mzigo kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Ameniuliza atawaambia nini nyumbani. Nikamwambia awaambie nimelowea. Nikamwambia neno hilo alitamke kwa sauti ya kawaida, kama anavyotaja mahali mtu anapoishi. Shamba la bondeni watoto wa kaka walichukue, walilime vizuri, wasiuze sehemu yenye maji.

Linaniuma. Nisijifanye haliniumi. Nimelia nilipoandika sentensi hiyo.

Ninaogopa jambo moja, nalo nimejiuliza mchana kutwa: siku yangu ikifika, je, nitazikwa na mikono ya watu wengine? Ndiyo, nitazikwa nayo. Lakini mikono hiyo naijua. Mama Ngoyi ndiye aliyemwosha Sabina. Mume wake mvivu ndiye aliyechimba, hakutaka kupokezana jembe na mtu. Waliimba Kiluba nisichokijua chote, na walilia kweli. Kama hao ni watu wengine, basi sijui wangu ni akina nani.

Alhamisi nitamsindikiza dada stesheni, nami mwenyewe nitageuza reli treni yake ipite. Ijumaa naanza kupiga matofali. Nyumba nitaielekeza machweo.