Tarehe ya Kwenye Pasi ya Qais

Kikwajuni, Unguja
Jumatano, 16 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Ghanim,

Assalamu alaykum. Shikamoo yako nimeshaipokea, maana najua ungeanza nayo, na marahaba yangu ndiyo hii. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Wifi yangu Abeer hajambo na presha yake? Nasikia joto la Maskati mwezi huu halisemeki, basi usiache kunywa maji ukajifanya bado kijana. Tumbo nililoliona kwenye picha za Idi si la kijana.

Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Magoti yananisumbua nikipanda ngazi, lakini hayo ni ya umri. Baba Hamda bado anakwenda bandarini Malindi kila asubuhi, kana kwamba boti haziwezi kufunga gati bila ya yeye kuzitazama, na kustaafu amestaafu mwaka wa pili huu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ipo. Simu yako inashikwa na watu wanne, na ujumbe wangu wa sauti huwa unausikiliza mbele ya wageni. Jambo hili nataka ulisome peke yako kwanza, kisha umpe Abeer. Ummkulthum, jirani yetu wa mlango wa pili, anasafiri kuja huko kesho, na barua nimempa mkononi.

Usishtuke. Mwanao Qais mzima. Hakuugua wala hakupata ajali. Lakini mimi tangu Jumapili kila simu ikilia naikimbilia.

Qais alikaa kwangu siku sita, tukamlisha, tukacheka naye, kisha akaondoka na wenzake wawili waliokuja naye wakapumzike Kiwengwa. Sanduku lake kubwa liko chumbani kwangu mpaka sasa. Hoteli waliyofikia ni ile ile anayofanya kazi mwanangu Hamda. Tuliona ni kheri, mtoto awe karibu na jamaa.

Nilikwambia kuwa Hamda yuko kwenye duka la hoteli. Sikukwambia yote, na baba yake pia hajui yote. Anauza kofia, mafuta ya jua na dawa ya mbu, na nyuma ya kaunta kuna bia na pombe za wageni. Yeye hapendi hata harufu yake, lakini mkono wake ndio unaozipitisha kwenye mashine. Mimi nilijua nikanyamaza, kwa sababu alikaa miaka miwili bila ya kazi na nilichoka kumuona anajifungia chumbani. Nilaumu ukitaka.

Katika duka lile kuna sheria kwamba mtu asiyetimia miaka kumi na minane hauziwi pombe, na kila anayeonekana kijana lazima aonyeshe pasi au kitambulisho. Hamda anaishika sheria hiyo kuliko wote. Mwanamwema, mama mmoja wa pale pale Kiwengwa anayefanya naye kazi, humtania kwamba iko siku atamtaka kitambulisho mzee mwenye mvi.

Jumapili baada ya adhuhuri Qais aliingia dukani na wale wenzake. Hakujua kuwa Hamda ndiye mwenye zamu. Haya nimeyapata kwa Mwanamwema, kwa sababu Hamda mwenyewe hakutaka kusema. Anasema Qais alikuwa ameshika chupa, na alipomuona Hamda alitaka kugeuka, lakini wenzake walikuwa nyuma yake akaona haya kurudi. Akatoa pasi akaiweka juu ya kaunta.

"Qais, irejeshe chupa," Hamda alimwambia kwa sauti ndogo.

"Soma tarehe, Dada. Nshatimia kumi na nane."

"Tarehe nnaijua. Na wewe nnakujua. Sikuuzii."

Wenzake wakacheka, naye akatoka amevimba. Mmoja wao akaenda kushitaki kwa meneja kwamba mgeni mwenye pasi halali amekataliwa mbele za watu, na kwamba muuzaji amefanya hivyo kwa sababu ni Muislamu na mgeni ni Muislamu. Meneja akatazama nakala ya pasi iliyochukuliwa mapokezi, akaona Qais amezaliwa tarehe tisa Machi 2007, yaani kumi na minane ameshaipita. Akamwita Hamda akamuuliza sababu. Hamda hakujibu kitu. Sasa amepewa mpaka Jumatatu aandike maelezo, na asipokuwa na sababu basi kazi hana. Mwezi uliopita wafanyakazi wote walionywa kwamba asiyetaka kuuza pombe kwa ajili ya dini aseme ahamishwe, si kuwachagulia wageni.

Ghanim, wewe na mimi na Abeer tunajua kwa nini mtoto huyu amenyamaza.

Tarehe tisa Machi ni ya Qais wa kwanza, Mungu amrehemu, aliyezaliwa hospitali, akaandikwa, akafa kabla ya kutimiza siku arubaini. Qais huyu alikuja mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, chumbani kwangu hapa Kikwajuni. Mkunga hakuwahi, mimi ndiye niliyempokea, na Hamda alikuwa na miaka saba, ndiye aliyeniletea kanga safi. Mkampa jina la nduguye, kama watu wafanyavyo ili jina lisipotee. Hakuna aliyekwenda kuandikisha, si kifo cha wa kwanza wala uzazi wa wa pili. Uliponituma nikatafute cheti ili mkeo na mtoto wakufuate huko, karani alifungua kitabu akaniuliza kama Qais, baba Ghanim, mama Abeer, ndiye huyu. Niliiona tarehe, nikajua si yake. Tiketi zilikuwa za wiki ile ile, na kuanza upya kungechukua miezi. Nikamwambia ndiye.

Wewe ulicheka kwenye simu, ukasema mtoto amekua mwaka mzima kwa siku moja, ataanza skuli mapema. Abeer hakucheka. Alikitia cheti kwenye mkoba bila ya kukisoma. Nilimuona, nikajidai sikuona.

Hamda angemuuzia Qais, karatasi zingemlinda, lakini angekuwa amempa pombe mtoto wa miaka kumi na saba huku anajua. Hakumuuzia, na akiieleza sababu atakuwa amesema kuwa pasi ya Qais si ya kweli. Jana alipokuja nyumbani nilimwambia aandike ukweli ulivyo.

"Mama, nkiandika ntakuwa nshamtia Mjomba na Qais mashakani," aliniambia. "Na wewe pia. Kazi ntapata nyengine."

Akaendelea kukunja sare zake, tayari kuzirudisha. Kazi nyengine hatapata kirahisi, na yeye anajua. Hoteli zile za pwani zinaulizana, na mfanyakazi aliyefukuzwa kwa kumuaibisha mgeni hakuna anayemtaka.

Hofu zangu nakuambia wazi. Naogopa Uhamiaji. Naogopa Qais asije kunyang'anywa ukaazi wake huko, au nafasi ya chuo, kwa karatasi niliyoichukua mimi. Naogopa siku baba Hamda atakapojua mwanawe anauza nini. Nikikaa kwenye mswala mawazo yanakwenda Kiwengwa, mpaka sijui nimesali rakaa ngapi. Lakini nikimtazama Hamda anavyolibeba kosa langu, na hata jicho la lawama hanitupii, naogopa zaidi.

Qais nilimpigia mara nne, ya nne akapokea. Sikumgombeza. Nilimuuliza kama anajua kuwa tarehe ile si yake. Akasema anajua tangu mdogo, na kwamba nyumbani hamjapata kumfanyia kitu siku hiyo, ila Februari. Nikamuuliza kama ameshazungumza na Hamda. Akasema, "Shangazi, nakuomba usimwambie Baba." Nilimwambia nitakuambia, na ndiyo nimekuambia. Usimpigie makelele. Kutaka kuonja pombe mbele ya wenzake ni kosa lake, na mtaongea naye kama mzee na mwanawe. La tarehe ni letu sisi wakubwa, na langu kuliko lenu.

Basi nimeamua. Qais anarudi kwangu Jumamosi, na Jumapili atapanda ndege kuja kwenu. Jumatatu asubuhi nitakwenda Kiwengwa nikamwambie meneja kuwa mimi ni shangazi wa kijana, nilimpokea kwa mikono yangu, na mwanangu hakumkatalia kwa ajili ya dini bali kwa ajili ya umri. Hamda simwambii kabla, maana atakimbilia kuacha kazi anizuie. Nikitoka huko nitakwenda ofisi ya usajili nikaseme nilivyofanya, wanipe adhabu yoyote watakayoona. Wewe huko tafuta mwanasheria mapema, akuonyeshe njia ya kuzirekebisha karatasi za Qais kabla hazijaleta balaa. Najua utaghadhibika. Unaweza hata kunikatia salamu, na mimi nitaumia, lakini nitakwenda.

Nisalimie binti yako Kawthar na umwambie kitambaa alichokitaka nimempa Ummkulthum. Nisalimie na nduguye Zahran. Hapa mdogo wake Hamda, Nadra, anakusalimu, baba Hamda pia, naye nitamweleza mwenyewe Jumatatu kabla sijatoka. Hamda hajui kama nakuandikia, kwa hivyo salamu zake nakupa kwa niaba.

Lipo moja tu ninaloomba kwenu. Huko ofisini, ili Qais huyu apate cheti chake, itabidi kwanza marehemu aandikwe kuwa amekufa. Watauliza siku. Mimi nakumbuka mvua za masika, nakumbuka ulivyombeba mwenyewe mpaka makaburini ukakataa kupokewa na mtu, lakini tarehe siijui. Muulize Abeer taratibu, akiwa amekaa. Najua yeye hajaisahau.

Mola awahifadhi nyote na atulainishie yaliyo mbele yetu.

Wako akupendaye, anayengoja jibu hata likiwa chungu,

Dada yako,
Thuwaiba