Samahani Niliyoichana

Ijumaa usiku, Februari 2011

Wameifuta ile faini. Nimeirudia barua yao hadi nimeikariri, na bado siamini.

Ile karatasi ya faini ya maegesho niliyoikuta kwenye kioo cha gari nje ya maduka, huku ugenini North York, ilininyima usingizi. Baba Neema alitaka tulipe yaishe. Mimi nikaandika barua ya kupinga, na kama tulivyolelewa, nikaanza na samahani, nikamalizia na samahani. Bahati nzuri shemeji Juma, mdogo wa Baba Neema, alipita kabla sijaituma.

"Shemeji, unaomba msamaha wa kosa gani? Kibao chao cha kukataza kuegesha kilifukiwa na theluji. Na hii ni kampuni binafsi, si jiji. Waulize ulitakiwa kukisomaje."

Nikaichana. Nikaandika upya bila samahani hata moja, nikaambatisha picha ya kibao niliyopiga siku ile. Tangu hapo nikawa na wasiwasi kwamba nimekosa adabu, na kwamba wakikasirika watatupeleka mahakamani.

Leo wamejibu. Mstari wa kwanza: samahani kwa usumbufu.

Nimeibandika barua yao kwenye friji, Baba Neema aione kila akifuata maziwa.